Maiti Mmoja, Mahamri Mengi: Riwaya za Upelelezi Zinazoufaa Mji Kama Ukunda

Ukikaa Ukunda wiki mbili tu, mji ushakujua. Muuza viazi karai pale steji anajua unapenda ukwaju mwingi. Dereva wa tuktuk anajua umehama kwa yule mwenye nyumba wa kwanza, na anajua mbona. Mama wa mahamri anajua jana hukurudi kulala. Hujamwambia mtu, lakini habari ina miguu yake.

Sasa jiulize: mji wenye macho namna hii, mtu akiuawa usiku, inakuwaje asubuhi hakuna aliyeona kitu?

Swali hilo ndilo linaloendesha aina moja ya riwaya ambazo leo nataka uzijaribu. Wazungu wana jina lao la kuziita. Mimi naziita riwaya za upelelezi wa barazani, kwa sababu kesi haitatuliwi kwa bunduki wala kwa maabara. Inatatuliwa na mtu wa kawaida anayekaa na watu, anayekunywa nao chai, na anayesikiliza. Mji ni mdogo, kila mtu anamjua mwenzake, na mara nyingi kuna chakula kinanukia karibu na maiti.

Mimi chuo nilikiacha njiani, lakini kusoma hakukuniacha. Na vitabu hivi vilinifikia kwa njia ya Kidiani kabisa. Mgeni anakuja na riwaya ya kusomea ufuoni, anaimaliza, begi limejaa vinyago na leso, basi kitabu anakiacha chumbani. Shangazi yangu alikuwa akifanya usafi kwenye nyumba za wageni, na vile vilivyoachwa akaambiwa achukue. Ndivyo maiti wa kijiji cha Uingereza anavyoweza kufika chumba cha kupanga Ukunda, kurasa zina mchanga na zinanuka mafuta ya jua.

Najua unachotaka kuniambia. Hadithi ya mauaji inamstarehesha nani? Ngoja nikueleze.

Kanuni za mchezo

Riwaya hizi zina kanuni zake, na ukizijua utaanza kuzitambua kuanzia ukurasa wa kwanza.

Kwanza, damu huioni. Mtu anafariki, ndiyo, lakini anafia pembeni ya hadithi. Unaitwa ukiwa tayari ameshafunikwa shuka. Pili, mpelelezi si polisi. Ni mpishi, mwalimu mstaafu, mjane, mwenye mkahawa. Tatu, washukiwa wote wanajuana, wanasalimiana, na pengine jioni hiyo hiyo wamekaa meza moja. Nne, mwisho wake ukweli unajulikana. Aliyefanya anatajwa kwa jina, na sababu inaelezwa hadi uielewe.

Hiyo ya nne ndiyo inayonirudisha kila mara. Sisi tumezoea kuambiwa uchunguzi unaendelea, unaendelea, hadi tunasahau ulikuwa unachunguza nini. Kwenye riwaya hizi uchunguzi unaisha. Ukifunga kitabu, kuna mtu amejibu. Wewe mwenyewe niambie, mara ngapi umepata raha hiyo kwenye habari za saa moja?

Bibi anayefuma sufu

Malkia wa mambo haya ni Agatha Christie, Mwingereza aliyezaliwa 1890 na kufariki 1976. Mpelelezi wake maarufu wa kijijini ni Miss Marple, kikongwe ambaye hajaolewa, anayeishi kijiji cha kubuni kiitwacho St Mary Mead. Riwaya yake ya kwanza, The Murder at the Vicarage, ilitoka 1930. Huyu bibi anafuma sufu, analima maua, na watu wanamdharau. Wanazungumza siri zao mbele yake kwa sababu wanadhani ni bibi tu.

Mbinu yake ni rahisi, na ndiyo iliyoniteka. Akikutana na mtu mgeni, anamlinganisha na mtu fulani wa kijijini kwake. Huyu bwana tajiri anayecheka sana ananikumbusha yule kijana wa dukani aliyekuwa akiiba chenji. Kwake yeye, ukiwajua vizuri watu wa kijiji kimoja, umewajua watu wa dunia nzima. Tamaa ni ile ile, wivu ni ule ule, na uongo una sauti ile ile London na pale sokoni kwetu.

Kwa hiyo usidhani mji mdogo unakunyima kitu. Nyanyako aliyekaa barazani Msambweni miaka sitini, anayejua nani alimnyima nani mahari na nani alihamisha bikoni ya shamba usiku, ana elimu ambayo mpelelezi wa Nairobi itabidi aje aombe.

Chakula kinaingiaje?

Christie huyo huyo, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, alifanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali, na huko ndiko alikojifunza sumu. Riwaya yake ya kwanza kabisa, The Mysterious Affair at Styles ya 1920, maiti aliuawa kwa sumu. Na sumu haitembei yenyewe. Inahitaji kikombe, sahani, mkono wa mtu unayemwamini.

Hapo ndipo chakula kinapopata uzito. Fikiria mara ngapi kwa siku unakula kitu ambacho hukukipika. Unanunua bhajia kwa mtu, unatia mdomoni, hata huchungulii. Huyo mtu umemkabidhi roho yako kwa shilingi ishirini. Mji mzima unaishi kwa imani hiyo. Mwandishi wa riwaya hizi anachofanya ni kuitikisa hiyo imani kidogo tu, halafu anakutazama unavyoanza kuangalia kikombe chako.

Wamarekani wakalichukua wazo hili wakalifanya biashara kubwa. Mwaka 1990 Diane Mott Davidson alitoa Catering to Nobody, ambayo mpelelezi wake, Goldy, ni mama anayepikia watu kwenye sherehe katika mji wa kubuni wa milimani Colorado. Mwaka 2000 Joanne Fluke akaleta Chocolate Chip Cookie Murder. Humo kuna Hannah Swensen, mwenye duka la biskuti katika mji wa kubuni wa Lake Eden, Minnesota. Asubuhi moja kijana anayeleta maziwa anakutwa ameuawa nyuma ya duka lake, na biskuti alizooka Hannah zimetapakaa pale. Unaona tatizo? Kilichotapakaa si biskuti tu, ni jina lake la biashara.

Na vitabu hivi vina mapishi ndani. Katikati ya hadithi au mwishoni unawekewa vipimo, vikombe, dakika. Mara ya kwanza niliona ni kichekesho: mtu amekufa na wewe unanifundisha keki? Baadaye nikaelewa. Mapishi ndiyo sehemu ya dunia ambayo bado inafuata utaratibu. Mauaji yamevuruga mji, lakini unga, mayai na sukari ukivichanganya sawasawa vinatoa kile kile kila siku. Ndiyo maana watu huzisoma usiku wakiwa na mawazo ya kodi, mapenzi au ajira.

Jaribu kuiona Ukunda

Sasa tuvute hadithi nyumbani. Chukua mahamri. Vikombe vitatu vya unga wa ngano, sukari karibu nusu kikombe, kijiko kimoja cha chai cha hamira, iliki iliyosagwa nusu kijiko, na tui la nazi karibu kikombe kimoja, ulitie kidogo kidogo hadi unga ushikane. Ukande hadi uwe laini, ufunike, uache uumuke. Joto letu la Pwani linausaidia: saa moja au mbili umeshajaa bakuli. Kata madonge, sukuma, gawanya pembe nne, kaanga kwenye mafuta yaliyopata moto vizuri, yanajifura yenyewe. Mbaazi umeshaziloweka usiku, umezichemsha hadi zikaiva, umezimalizia kwa tui na kitunguu.

Wewe umeona kifungua kinywa. Mpelelezi wa barazani ameona saa. Unga wa hamira ukiachwa kupita muda wake unashuka katikati, unakuwa na harufu ya uchachu. Basi tuseme mama wa mahamri haonekani asubuhi, na mumewe anasema alitoka nyumbani alfajiri hiyo akiwa mzima. Jirani anaingia jikoni, anafunua bakuli, anakuta unga umeshuka na umechacha. Huyo jirani, kama amewahi kupika, anajua unga ule ulikandwa jana mapema na hakuna aliyeugusa usiku kucha. Mwanamke anayeamka saa tisa kila siku ya Mungu kukaanga mahamri asingeuacha. Mume anadanganya. Hatujahitaji alama ya kidole hata moja.

Hiyo nimeibuni sasa hivi, lakini unaona jinsi mji huu ulivyojaa vitu vya namna hiyo? Kuna barabara ya Lunga Lunga inayopita katikati, na kila anayetoka Likoni kwa feri au anayepitia Dongo Kundu lazima aonekane na mtu steji. Kuna Diani yenye wageni wanaokuja na kuondoka, na Ukunda yenye watu wanaobaki. Kuna viwanja ambavyo watu watatu wanadai ni vyao, na kila mmoja ana karatasi. Kuna kima wanaoingia jikoni na kuiba mkate, na mpelelezi mzuri lazima ajiulize: kweli ni kima, au kuna mtu anataka tuseme ni kima?

Wenzetu Afrika wameshaanza

Usidhani ni mambo ya Wazungu na theluji tu. Mwaka 1998 Alexander McCall Smith, aliyezaliwa Bulawayo, alitoa The No. 1 Ladies' Detective Agency. Mpelelezi wake, Precious Ramotswe, anauza ng'ombe alioachiwa na babake, anafungua ofisi ya upelelezi Gaborone, Botswana, na kesi nyingi anazitatua kwa chai ya rooibos na subira. Hakimbizi mtu kwa gari. Anakaa, anamimina chai, anasubiri uongo uchoke.

Halafu kuna Sally Andrew wa Afrika Kusini, aliyetoa Recipes for Love and Murder mwaka 2015. Humo kuna Tannie Maria, mama wa makamo katika mji mdogo wa eneo kame la Klein Karoo. Anaandika safu ya mapishi gazetini, anaambiwa wasomaji wanataka safu ya ushauri, basi anaunganisha: unamwandikia shida yako, anakujibu kwa ushauri na chakula cha kupika. Siku moja mwanamke anamwandikia kuhusu mume anayempiga. Muda si muda mwanamke huyo anauawa. Na Tannie Maria mwenyewe amewahi kuishi na mume wa aina hiyo.

Nikitaja hilo nataka uone kwamba utulivu wa riwaya hizi si wa kufumba macho. Januari 2024 wanawake wa Kenya waliandamana katika miji kadhaa, Mombasa ikiwemo, wakisema wamechoka kuuawa. Kitabu chenye mapishi ya nyama ya kondoo kinaweza kulisema jambo hilo hilo, na kikalifikisha kwa mtu ambaye hangesoma ripoti.

Bwana Msa alitangulia

Lakini mimi raha yangu kubwa ni kugundua kwamba sisi wa Kiswahili tulikuwa na wetu zamani, tena kabla ya Botswana na Karoo. Anaitwa Bwana Msa.

Aliyemuumba ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyezaliwa 1918. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi wa Kiswahili la mwaka 1957-58, ikachapishwa 1960. Zikafuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu 1973, Siri ya Sifuri 1974, na nyingine baada ya hapo. Bwana Msa anavuta kiko, ana rafiki yake Najum wa kuandamana naye, na silaha yake ni akili. Wasomi wanamlinganisha na Sherlock Holmes kwa hicho kiko, lakini mimi nikimsoma naona mtu wa baraza: anazungumza na watu wa mashamba ya Unguja, anapima maneno yao, anatazama nani amenyamaza.

Baadaye riwaya zetu za upelelezi zilikwenda kasi. Miaka ya 1970 Elvis Musiba akatuletea Willy Gamba, jasusi wa bastola, kisha baadaye Ben Mtobwa akaja na Joram Kiango. Nawapenda wote wawili. Ila ukitaka mji mdogo, maneno matamu, na fumbo la kulitegua ukiwa umelala kitandani, rudi kwa Bwana Msa.

Na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, kwa sababu jambo hili linatuhusu sisi wa Kwale.

Katika Mzimu wa Watu wa Kale, maiti wa mwenye shamba anakutwa mahali ambapo watu wanaamini ni pa mizimu. Kwa hiyo wapo walio tayari kusema: mizimu imemuua, basi, kesi imekwisha. Kisima cha Giningi nacho kinabeba jina ambalo kwa Waswahili ni makao ya wachawi. Mwandishi aliyachagua majina hayo akijua wasomaji wake wanaogopa nini. Halafu akamleta mtu mwenye kiko anayesema, tulia kwanza, tuangalie ni nani aliyefaidika.

Hebu leta hilo huku kwetu. Katika kaunti za Kilifi na Kwale wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Mvi zimekuwa ushahidi. Mtoto anaugua, mtu anaanguka kwenye mnazi, biashara inafifia, na jina la mzee fulani linaanza kupita barazani, kisha kwenye kundi la WhatsApp, kisha mlangoni kwake usiku. Viongozi na watetezi wa haki za binadamu wamesema mara nyingi kwamba ukichimba chini ya tuhuma hizo unakuta ugomvi wa shamba na urithi. Mzee anaitwa mchawi, kumbe kosa lake ni kuwa hai na kuwa na hati ya ardhi. Na ujue kwamba sheria ya Kenya kuhusu uchawi, iliyopo tangu 1925, inalifanya kosa hata kule kumshutumu mwenzako kuwa ni mchawi.

Usinielewe vibaya. Sidharau mila. Nenda Kaya Kinondo, ujifunge kaniki kiunoni, uingie na mwenyeji wake, uambiwe usiokote hata jani. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, Kinondo ikiwemo, na imebaki imesimama kwa sababu watu waliiheshimu. Kuheshimu kaya ni jambo moja. Kutumia jina la mizimu kuficha alichofanya binadamu ni jambo jingine, na hilo ndilo Bwana Msa alilokuwa akilikataa zaidi ya miaka sitini iliyopita.

Ndiyo maana nasema riwaya hizi ni zaidi ya starehe. Zinatumia kitu tulichonacho kwa wingi, yaani umbea, lakini zinakitia adabu. Mpelelezi wa barazani anausikiliza umbea wote, kisha anauliza: nani alikuambia? Yeye alimwona, au aliambiwa pia? Ilikuwa saa ngapi? Nani anapata nini watu wakiamini hivyo? Mtu wa kwanza kushukiwa karibu kila mara si yeye. Ukisoma riwaya kumi za namna hii, akili yako inazoea kukawia kidogo kabla ya kumnyooshea mtu kidole. Mji wetu unauhitaji huo ukawiaji.

Uanzie wapi?

Kama Kiingereza kinakutosha na unataka kucheka, anza na Mma Ramotswe. Ukitaka chakula na machozi, Tannie Maria. Ukitaka fumbo lenyewe kama hesabu, Miss Marple. Kama hujawahi kusoma riwaya ya Kiswahili tangu ile ya kulazimishwa kidato cha nne, mtafute Bwana Msa, uanze na Mzimu wa Watu wa Kale. Kiswahili chake ni cha zamani, utakwama maneno mawili matatu, lakini una nyanya, muulize. Atafurahi, na kabla hujaondoka atakuwa amekupa kisa kingine cha kweli chenye thamani kuliko kitabu.

Pesa? Tafuta kwa wauza vitabu vya mitumba Mombasa, ingia maktaba ya umma, au muulize mtu wenu anayefanya kazi hotelini kama kuna rafu ya vitabu vilivyoachwa. Mkiwa watatu wanne, kila mmoja anunue kimoja na mzungushane. Kuna sharti moja tu: atakayemtaja muuaji kabla mwenzake hajamaliza, anawanunulia wote mahamri na mbaazi.

Na kama wewe ni mwandishi, basi sikia. Riwaya ya upelelezi wa barazani iliyoko Ukunda, yenye steji, tuktuk, kaya, kiwanja cha ugomvi na sufuria ya wali wa nazi, mimi bado sijaiona dukani. Mpelelezi tunaye, amekaa pale kwenye kibao chake anageuza viazi karai, na anajua yote. Anasubiri mtu wa kumwandika tu.